Miti Niliyoipaka Rangi Kule Kuresoi

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye hapa Karagita ananiuliza swali moja: "Njoki, kwani ulienda kufanya nini huko juu, ukarudi umenyamaza hivyo?" Nimechoka kujibu vipande vipande, huyu nikimwambia habari ya matope, yule habari ya nyama, na wote nikiwaficha jambo lenyewe. Basi nimekaa chini niandike mara moja, halafu mniache nipumzike.

Kazi yangu mnaijua, ingawa mnaicheka. Nalipwa kuwauliza wazee majina ya miti na kila mmoja unatibu nini, kisha nirudi baada ya muda kuona kama miti hiyo ingali hai. Marehemu mama, aliyefunga maua kwenye mashamba ya hapa mpaka mgongo ukakataa, alikuwa akiwaambia watu kwamba amenisomesha niende nikahesabu miti ya wenyewe.

Mwaka jana nilikwenda Kuresoi, nikachagua miti kumi na miwili ya muiri, ambayo Wakalenjin huiita tendwet, kwenye mipaka ya mashamba yaliyo karibu na msitu. Maganda yake ni dawa na yanatafutwa kila mahali. Ukitoa kipande kidogo mti hupona; ukiubambua mzingo mzima unakufa. Niliipima unene, nikaipigilia vibati vya namba, na mahali nilipopima nikazungusha mstari wa rangi nyekundu ili nikirudi nipime palepale. Safari hii nilikuwa narudi kupima. Ilikuwa safari ya mwisho ya mradi wetu, na niliondoka na moyo mweupe kabisa.

Karagita hadi Kikopey

Nilipanda kanta, lori dogo la Karis, jirani yetu anayeleta viazi vya Kuresoi hapa sokoni na kurudi na magunia matupu. Karis ana maneno mengi, na haraka hana. Tulikubaliana kuondoka saa kumi na mbili asubuhi. Saa tatu alikuwa bado anamtafuta mtu aliyeazima jeki yake. Mimi nilikaa kiti cha mbele nikamaliza maandazi niliyokuwa nimemfungia Kogo Tapkigen, bibi niliyekuwa nikienda kumwona. Nimeanza na dhambi hiyo ili mjue sifichi kitu.

Tulipofika Kikopey, Karis aliegesha bila kuniuliza. Sikumlaumu, maana moshi wa nyama choma za pale haupitiki. Nilidhani tutakula tuondoke. Kumbe nilipokwenda kunawa mikono, aliwatangazia wachomaji wote kwamba amebeba daktari wa miti shamba.

"Karis, mimi si daktari," nikamwambia.

"Madam, wacha kujishusha. Si unajua miti yote?"

"Najua majina tu."

"Sasa ukishajua jina ya dawa, umebakisha nini?"

Mchomaji mmoja mnene alikuja akipandisha mguu wa suruali, akanionyesha goti. Nikamwambia aende hospitali. Akaja mhudumu mwenye tumbo linalomsumbua. Yeye pia nikamwambia hospitali. Wakaanza kunitazama kama mtu mwenye choyo. Mwisho akaja mama muuza soda, akanivuta pembeni na kusema kwa sauti ya chini.

"Ni mzee wangu. Usiku anaamka mara tano, mara sita, kwenda kukojoa, na ikifika huko haitoki. Nasikia kuna mti inaitwa muiri."

"Mama, hiyo inafaa apimwe kwanza."

"Amepimwa. Hospitali tulienda. Mimi nakuuliza mti."

Nilimwambia kwa kweli kwamba watu wanautumia, lakini kiasi gani na kwa nani, mimi si wa kusema. Akaitikia kwa kichwa akarudi kwenye soda zake, na niliona nimemkatisha tamaa. Mbavu za mbuzi zilikuwa tamu sana, na wale wachomaji, ingawa niliwanyima dawa, hawakutupunguzia hata kipande kimoja. Tuliondoka saa nane.

Nakuru

Kabla hatujaingia Nakuru gari likaanza kulia upande wa nyuma. Tukalifikisha mjini kwa fundi, naye akachungulia chini, akasema springi imepasuka, kazi ya saa moja. Nilimwangalia alivyoketi akaagiza chai, nikajua saa moja ile ina watoto. Nikaenda zangu sokoni.

Mnajua siwezi kupita mbele ya muuza dawa za miti bila kusimama. Nilimkuta mama mmoja ametandaza magunia yake vizuri, mizizi huku, majani yaliyosagwa kule, na nyuma kabisa kulikuwa na maganda mapana yaliyojikunja kama vigae. Sikuhitaji kuuliza. Ganda la muiri lina harufu yake, kama mbegu ya plamu iliyopasuliwa. Nilichuchumaa nikaligeuza moja. Katikati ya ganda lile kulikuwa na mstari mwekundu wa rangi.

"Mathe, hii imetoka wapi?"

"Kuresoi. Iko sawa kabisa, ni ya mti mkubwa. Nikupimie ngapi?"

"Na hii rangi?"

"Hiyo? Hiyo ni alama ya serikali. Miti ya huko imewekwa namba, inakatwa yote. Si unajua nyumba za kando ya barabara zikiwekwa eksi nyekundu, haichukui mwezi tingatinga inafika? Sasa watu wanatoa dawa mapema, isiende na mbao."

Nilibaki nimechuchumaa. Aliyosema yote yalikuwa na akili. Nani katika bonde hili zima hajui rangi nyekundu ni ya nini? Tumeiona kwenye kuta za vibanda, kwenye miti iliyo chini ya nyaya za stima, kwenye misonobari ya msitu kabla ya misumeno kuingia. Mimi mwenyewe nilipokuwa mdogo tulihama nyumba kwa sababu ya eksi kama hiyo. Na bado nilibeba kopo la rangi hadi Kuresoi bila kufikiria hata mara moja.

"Mathe," nikasema, "hii rangi ni yangu. Ni mimi niliipaka. Hakuna mti unakatwa."

Alinitazama juu mpaka chini.

"Kumbe wewe ni wa serikali," akasema, akaanza kufunika magunia yake kwa turubai.

Nilijaribu kumweleza. Kila nilipoongeza neno, aliongeza kasi ya kufunika. Mwishowe niliomba radhi nikaondoka, na sikula kitu Nakuru, jambo ambalo wanaonifahamu wataelewa uzito wake.

Molo

Tulitoka Nakuru jioni, tukapandia Njoro mvua ikinyesha, na Molo tukafika baridi ikiwa imeshashuka. Karis akasema mbele kuna matope na hawezi kuyaingia gizani, kwa hiyo tukatafuta mahali pa kulala. Tuliletewa viazi vya kuchemsha vinavyopasuka vyenyewe na chai ya maziwa. Nilimsimulia Karis yote.

"Lakini madam, si ungewaambia rangi ni ya nini?"

Nilitaka kumkasirikia, nikaikumbuka fomu. Mwaka jana niliwasomea wale watu fomu ya kurasa nne. Niliwaeleza mradi ni wa nini, kwamba wana haki ya kukataa, kwamba majina ya dawa zao hayatauzwa kwa mtu, kwamba wakichoka na maswali waseme. Kila mmoja alitia sahihi au kidole gumba. Nilijivunia ile fomu. Katika kurasa zote nne, rangi haikuwa na hata sentensi moja.

Nilimpigia simu mwalimu wangu, anayesimamia mradi akiwa Nairobi. Ni mtu mwema na ana haraka ya kila siku. Alinisikiliza, akaguna, kisha akasema, "Usijitwike lawama. Waambie mpango wa kukata miti umefutwa. Watafurahi, wataacha kubambua, na wewe utapima iliyobaki. Hakuna atakayeumia."

Nakiri kwenu kwamba nilipenda sana wazo hilo. Niliona jinsi litakavyokwenda: mimi ndiye mleta habari njema, na serikali, ambayo imezoea kusingiziwa, ikibeba mzigo ambao isingehisi hata uzito wake. Nililala vizuri usiku ule, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi nikikumbuka.

Kuresoi

Asubuhi tulikwama mara mbili kwenye matope, na mara ya pili Karis akaniambia nitembee, atanifuata kesho yake akishapakia viazi. Haikuwa mbali. Njia ile inapita mpakani mwa mashamba yote yenye miti yangu, kwa hiyo nilitembea nikihesabu.

Namba moja ilikuwa uchi, kutoka usawa wa magoti hadi mahali mtu aliye juu ya ngazi anapofika, mzingo mzima. Shina la ndani lilikuwa limeshakauka na kuwa jekundu la kahawia. Namba mbili hivyohivyo. Namba tatu ilikuwa salama, pengine kwa sababu mwenyewe ana mbwa wakali. Katika miti kumi na miwili, minane ilikuwa imebambuliwa. Juu bado ilikuwa na majani mabichi, maana mti wa aina hiyo huchelewa kujua kwamba umekufa. Nilipita chini yake nikiwa nimeinamisha kichwa kama mtu anayepita msibani.

Namba saba ni mti wa Kogo Tapkigen. Kogo ni bibi kwa lugha yao, na kila mtu humwita hivyo. Ni mdogo wa mwili, mkali wa ulimi, radio yake haizimwi, na simu ameivaa shingoni ndani ya kifuko cha kufuma. Nusu ya majina ya miti niliyokusanya nilipewa na yeye. Wanawake wa pale humwendea kwa ajili ya tumbo na mgongo, na mwaka jana nilimwona akitoa dawa: kipande cha ganda kisichozidi kiganja, upande jua linakotoka, kisha anakipaka kidonda cha mti matope na samadi. Kila mwaka kipande kimoja au viwili. Mamake alitumia mti huohuo. Sasa namba saba nao ulikuwa uchi.

Kogo alikuwa mlangoni na Chepkoech, mke wa mwanawe.

"Karibu, Njoki. Umekuja peke yako? Wale wa misumeno wako wapi?"

Niliingia, nikakaribishwa ugali, mboga ya saga na maziwa ya mursik, nikameza bila kusikia ladha. Niliwapa kijitabu tulichowachapishia, chenye picha na majina ya miti yao. Chepkoech akaanza kukifungua ukurasa mmoja mmoja. Nikapata ujasiri wa kuuliza.

"Kogo, mti wako ulibambuliwa na nani?"

"Mimi mwenyewe. Chepkoech alishika ngazi. Watu walikuwa wanatoka mpaka Molo na mapanga, wanararua tu kama kuku. Nikasema huyu hawamguzi. Kama ni kufa, afadhali mkono yangu."

"Na mbona hukuniuliza rangi ni ya nini?"

Alinishangaa. "Wewe si ulikuwa umetumwa? Mtu ametumwa kazi mbaya, utamuuliza nini? Utamuaibisha bure kwa nyumba yako. Nilikupa maziwa nikanyamaza."

Yaani mwaka mzima mama huyu aliamini kwamba nilikuja kuuhukumu mti wake, na akanistahi. Nilikumbuka jinsi nilivyokunywa yale maziwa yake nikijisifu kwamba wenyeji wamenipenda. Nilijua ni sasa au kamwe. Nikafungua mdomo.

"Kogo, ule mpango wa kukata..."

"Hapa ni kwetu!" Chepkoech akanikatiza. Alikuwa amefika kwenye picha ya Kogo amesimama kando ya mti wake, ganda zima, mstari mwekundu unang'aa. Akasoma maneno ya chini kwa sauti: "Mti namba saba, kwa Kogo Tapkigen. Utapimwa tena na tena ili tujue unavyokua."

Kogo akakichukua kile kijitabu, akakisogeza karibu na macho. "Hapa bado ako na ngozi," akasema. Kisha akanigeukia. "Unapimwa unakua? Mti ya kukatwa?"

Ningeweza bado kuponyoka. Neno "umefutwa" lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, na lingetosha. Miti minne iliyobaki ingepona, na yeye angebaki akiamini kwamba aliuua mti wake kwa sababu ya lazima. Lakini alikuwa akinitazama, na mimi nilikuwa nimeshiba ugali wake.

"Kogo, hakuna mtu alikuwa anakuja kukata," nikasema. "Hakuna mpango ulikuwepo, wala serikali. Rangi ilikuwa yangu, ya kunionyesha mahali pa kupima. Sikuwaambia. Kosa ni langu."

Kogo aliinuka, akazima radio. Sikuwahi kuisikia nyumba ile ikiwa kimya. Alisimama akiangalia ukuta, nami niliona kabisa jambo lilivyokuwa likimwingia: si mti tu, bali mikono yake mwenyewe juu ya ule mti. Hakuna adhabu ambayo nimewahi kupewa inayolingana na kumwangalia.

"Chepkoech," akasema mwishowe, "leta panga."

Nilishtuka, sitawadanganya. Lakini alilipokea lile panga akanipita, akashika njia ya kwenda namba tatu. Tulikwenda kwenye miti yote minne iliyosalia. Alikwangua rangi yangu polepole kwa ncha, asiliumize ganda, na kila mti ulipoisha alinikabidhi kibati cha namba bila neno. Chepkoech alikuwa akiita juu ya kila ua, akiwaeleza majirani kwa lugha yao. Wengine walinitazama kwa mshangao, mmoja akatema mate chini akaondoka. Kogo hakusema nami tena siku ile, hata wakati wa kulala aliponipa blanketi.

Kwenye mpaka wa shamba

Kulipopambazuka alikuwa nje, anakanyaga matope na samadi ndani ya karai. Nikakunja suruali nikamsaidia. Tulibeba ndoo mbili hadi namba saba, tukaanza kuupaka mti, Chepkoech juu ya ngazi, sisi chini. Upande wa nyuma, ule unaotazama bonde, niliona kitu ambacho jana sikukiona: ukanda wa ganda upana wa vidole vitatu, umeshuka kutoka juu hadi chini bila kukatika.

"Kogo, hapa umebaki."

"Hapo nilichoka," akasema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu.

Mti unaweza kuishi kwa ukanda kama huo, au usiishi. Nimesoma vitabu na siwezi kuwaambia zaidi ya hapo. Tulipomaliza, Kogo alinawa mikono, akaniambia jambo ambalo mwaka jana hakuliweka kwenye majibu yake, kwa kuwa sikuuliza. Kabla ya kutoa dawa, humwambia mti anamchukulia nani, na mgonjwa anaumwa wapi. Siku ile ya ngazi pia alimwambia. Alimwambia watu wa misumeno wanakuja, ndiyo maana anachukua yote.

"Sasa nimemdanganya," akasema.

Akausogelea, akaongea naye kwa Kikalenjin, kwa sauti ya kawaida, kama anavyoongea na jirani kuhusu mvua. Sikuelewa, na Chepkoech hakunitafsiria. Alipomaliza akanigeukia.

"Sasa wewe."

"Niseme nini?"

"Jina yako. Halafu kitu ulifanya. Usizunguke."

Nilimtazama Chepkoech, naye akatazama miguu yake. Mti ule nimeupima urefu, unene, kivuli, hata umbali wake kutoka mtoni, na sikuwahi kuuambia neno. Niliona haya. Nilisema, "Mimi ni Njoki wa Karagita. Nilikupaka rangi, na sikuwaambia watu ni ya nini. Pole." Nikalia, na sioni aibu kuliandika.

Kogo aliningoja nimalize.

"Mwambie kama utarudi."

Mradi ulikuwa unaisha wiki ileile. Hapakuwa na safari nyingine kwenye makaratasi yoyote, wala mtu wa kuniuliza tena habari za Kuresoi. Kule barabarani Karis alikuwa ameshafika, anapiga honi. Nikavuta pumzi niseme yale tunayoyasema sote tukiaga, kwamba tutaonana Mungu akipenda.

"Ngoja," Kogo akanizuia kwa mkono. "Kama haurudi, usiseme. Mimi nimeshamdanganya mara moja. Inatosha."

Nilisimama pale, matope yakianza kunikauka vidoleni. Nilifikiria siku zangu za likizo, nikafikiria matope ya ile barabara, na watoto wangu nitakaowaacha tena kwa jirani. Honi ikalia tena. Nikaweka kiganja juu ya ule ukanda wa ganda, nikasema nitarudi mvua zikiisha, kwa miguu yangu, hata kama hakuna aliyenituma.

Kogo aliniangalia usoni kwa muda, vile anavyowaangalia wagonjwa wake kabla ya kuamua. Kisha akainama akaokota ndoo.

"Haya," akasema. "Amesikia."